Mbona Mkono Umeuacha?

"Mwalimu, samahani. Mbona mkono umeuacha?"

Binti anayejifunza kwangu kazi ya kurekebisha picha alikuwa ameketi mbele ya skrini, faili langu likiwa wazi. Nilimpa faili lile kama mfano wa kazi iliyokamilika. Ni potreti ya mama wa makamo aliyekaa kando ya dirisha, shavu ameliegemeza kwenye kiganja, vidole vinne vimelala kutoka kidevuni hadi karibu na sikio. Leya kumi na moja, yaani tabaka za kazi zilizopangwa juu ya picha, kila moja na maski yake inayoamua kazi hiyo ionekane wapi, na chini kabisa picha ya asili ambayo haijaguswa hata pikseli moja. Nilitaka aone utaratibu.

Yeye akashikilia kitufe cha Alt, akabofya maski ya leya ya nne.

Picha ikatoweka. Ikabaki maski peke yake, nyeusi na nyeupe, imejaa skrini nzima. Uso wa yule mama ulikuwa umbo jeupe lenye kingo laini, na pembeni mwa weupe huo zilikatwa alama nne nyeusi, nadhifu, zikifuata kidole kimoja baada ya kingine. Nilikuwa nimezungusha brashi kwa uangalifu mkubwa ili mwanga usimwagikie mkononi.

"Mkono haukuhitaji," nikamjibu.

"Na uso ulihitaji nini?"

Nilifungua kinywa nikiwa na hakika kwamba jibu lipo. Sikulipata.

Hizo ni wiki sita zilizopita. Binti mwenyewe nadhani alishasahau siku ileile, maana tuliendelea na somo. Mimi sikusahau. Nimelala nalo swali hilo, nimeamka nalo, na kila nikishika brashi naliona linanisubiri pembeni mwa uso wa mtu.

## Mkono wangu, umeandikwa

Tunaotumia maski kila siku tunaichukulia kama uzio. Penye weupe marekebisho yanapita, penye weusi hayapiti, penye kijivu yanapita nusunusu. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofundisha. Ni kweli, na inatosha kufanyia kazi.

Ila maski nayo ni picha. Ina ukubwa uleule wa picha iliyo chini yake, ina pikseli zake, na kila pikseli ina namba yake, kuanzia 0 ya weusi hadi 255 ya weupe. Tofauti ni kwamba kamera haikuipiga. Nimeipiga mimi, kwa mkono.

Picha iliyokamilika inamwonyesha yule mama. Maski inanionyesha mimi nikimtazama yule mama: wapi nilisita, wapi nilipita mara tatu, wapi nilikwepa. Ukiitazama bila picha yake, hakuna uzuri wa kukupumbaza. Kuna nia tu.

Miaka yote hiyo nimefungua maski kwa Alt mara nyingi sana, lakini kwa sababu moja: kutafuta madoa niliyoyaruka, vile vitundu vidogo ambavyo brashi haikufika. Nilikuwa nakagua kama ukuta umepakwa rangi sawasawa. Sikuwahi kujiuliza kwa nini naupaka ukuta ule.

## Miaka ya maji yaliyomwagika

Lazima niseme nilikotoka, la sivyo fahari yangu juu ya leya haitaeleweka.

Nilianza kazi hii nikifanya kila kitu juu ya picha yenyewe. Nafungua JPEG, lile faili la kawaida la picha iliyobanwa, naangaza, nasafisha chunusi, nakoleza rangi, nahifadhi palepale juu ya ile ya kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nikiyamwaga kila siku bila kujua kwamba ni maji.

Siku niliyoyaona ni siku nilipoombwa picha moja kwa ukubwa wa kuchapwa na kutundikwa ukutani. Ilikuwa picha niliyoirudia mara nne au tano: nimeangaza, nimerudisha giza, nimeangaza tena. Kwenye skrini ndogo ilikuwa nzuri. Ilipokuzwa, shavu lilikuwa na michirizi kama mistari ya maji yaliyokauka mchangani. Nikafungua histogramu, grafu inayoonyesha ngazi za mwanga za picha, nikakuta imekuwa kitana, jino na pengo, jino na pengo.

Sababu yake ni hesabu rahisi. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu za mwanga kwa kila rangi. Ukiangaza vivuli, ngazi zilizokuwa zimeshikana zinatawanyika na kuacha mapengo. Ukirudisha giza, ngazi mbili zilizokuwa tofauti zinaangukia namba moja, na zikishaungana hakuna amri itakayozitenganisha. Kila hatua inahesabiwa kutoka kwenye matokeo ya hatua iliyotangulia, pamoja na makosa yake. Juu ya hapo, JPEG yenyewe inatupa kidogo kila inapobanwa upya. Picha ile sikuweza kuiokoa, kwa sababu ya asili sikuwa nayo. Nilikuwa nimeihifadhi juu yake mwenyewe.

Na dawa ilikuwepo muda mrefu. Photoshop, programu tunayorekebishia picha, ilitoka mwaka 1990, ikapata leya mwaka 1994 katika toleo la 3, na leya za marekebisho mwaka 1996 katika toleo la 4. Inashangaza kwamba uwezo wa kurudi nyuma hatua nyingi, ile orodha ya historia tunayoiona kama hewa, ulikuja baadaye, mwaka 1998. Yaani kwa miaka miwili leya ya marekebisho ndiyo iliyokuwa njia ya kweli ya mtu kubadilisha mawazo.

Nilipoielewa, niliipenda kama mtu anavyompenda aliyemtoa shimoni. Leya ya marekebisho haibebi pikseli. Inabeba maelekezo: chukua kilicho chini yangu, kiangaze kiasi hiki, pale tu maski inaporuhusu. Ukibadilisha kitelezi kesho, hesabu inaanza upya kutoka kwenye picha ya asili. Ukifunga kijicho, ile alama ya jicho inayoonyesha au kuficha leya, ni kana kwamba hukuwahi kugusa. (Katika biti 8, leya nyingi zikipandana bado makosa madogo ya hesabu yanajikusanya njiani, ndiyo maana nafanya kazi katika biti 16, ambako Photoshop inakupa zaidi ya ngazi 32,000. Lakini ya asili iko salama, na hilo ndilo kubwa.)

Nikawa mhubiri wa njia hii. Kila aliyekuja kujifunza nilimwambia sentensi moja kabla ya kitu kingine chochote: hapa hakuna kinachoharibika.

Niliiamini kabisa.

## Picha thelathini na moja

Wiki ya pili baada ya swali, nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Nilitafuta potreti zote ambazo bado nina mafaili yake yenye leya. Zilikuwa 31. Nikazifungua moja moja, na katika kila moja nikatazama maski tu, nikiiruka picha.

Tatu za kwanza hazikuniambia kitu. Ya nne ilinifanya nirudi kwenye ya kwanza.

Katika picha 24 kati ya 31 kulikuwa na leya ileile ya Curves: ule mstari wa mshazari wa kurekebisha mwanga, umevutwa juu ili kuangaza, maski yake nyeupe kwenye uso, nyeusi shingoni, nyeusi mikononi. Umbo lilelile, kama muhuri. Wengine niliwaacha na shingo iliyofifia taratibu ili mpaka usionekane. Nilikuwa stadi wa kuficha mpaka.

Kisha nikaona jambo la pili, na hapo nilisimama nikatoka nje kidogo. Kwa watu wenye ngozi nyeupe, au maji ya kunde, maski ya uso ilikuwa kijivu, mwanga wa kuonja. Kadiri ngozi ilivyokuwa nyeusi, ndivyo maski ilivyokuwa nyeupe.

Hakuna aliyeniagiza. Nilipekua ujumbe wa wateja niliokuwa bado ninao, nikitafuta, kusema kweli, mtu wa kumsingizia. Wawili tu waliomba waangazwe. Waliobaki waliomba vitu vingine kabisa: nywele iliyoruka, kola iliyokunjamana, mng'ao kwenye miwani. Uso niliuongeza mimi, kwa hiari, kama zawadi.

Picha za kabla ya miaka ya leya zimo kwenye diski pia, mamia kwa mamia, JPEG tupu. Hizo sikuweza kuzihoji. Huenda nilifanya vilevile, huenda nilifanya vibaya zaidi. Zimekaa kimya, na kimya chao nimekitengeneza mwenyewe.

## Nilichojitetea nacho

Sikukubali haraka. Nilikuwa na utetezi, na utetezi wenyewe si wa uongo.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinachukulia kwamba kilicho mbele yake kwa wastani ni kijivu cha kati. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au dirisha linalong'aa, kamera itaona mwanga mwingi na kuubana, na uso utazama gizani kuliko ulivyokuwa kwa macho. Anayerudisha mwanga ule hambadilishi mtu. Anarudisha kilichoibwa.

Na wizi huo una historia ndefu kuliko kamera zetu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Akitoka yeye vizuri, mashine imepimika. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuonekana miaka ya 1990. Nilijiambia: mimi ninasahihisha udhalimu huo kwa brashi.

Utetezi huu ulinitosha siku mbili. Ulivunjwa na vidole vinne.

Mkono wa yule mama ulikuwa kwenye mwanga uleule wa dirisha, umbali uleule, umegusana na shavu. Kama kamera iliubana uso, iliubana na mkono. Kama nilikuwa narudisha mwanga ulioibwa, mbona nilirudisha nusu na kuizungushia nusu nyingine ukuta mweusi?

Nikachukua zana ya kusoma namba za rangi, nikapima. Sehemu moja ya shavu katika picha ya asili ilikuwa na nyekundu 120, kijani 80, buluu 60. Kahawia yenye joto, nyekundu mara mbili ya buluu. Baada ya leya yangu, mahali palepale palisoma 150, 113, 93. Uso umepata mwanga, ndiyo, lakini nyekundu sasa ni mara moja na nusu na kidogo tu ya buluu. Joto limetoka. Ngozi imesogea kuelekea majivu. Ukivuta mstari ule juu kwa rangi zote tatu kwa pamoja, ndivyo inavyokuwa kwa rangi zilizo chini: zinasogeleana. Jambo hili nalijua. Nalifundisha. Kwenye picha ya gari ningeliona papo hapo.

Kuna neno limekuwa likinizunguka kichwani kipindi hiki. Wakati wa filamu, kusafisha picha kulikuwa na maana moja: unaipeleka filamu chumba cha giza, unaipitisha kwenye dawa, na kile ambacho mwanga ulishaandika kinajitokeza. Kusafisha kulikuwa kudhihirisha. Leo mtu akiniambia "nisafishie hii picha" anataka kitu kitoke. Kitenzi ni kilekile, kazi imegeuka ndani yake bila mtu kutangaza, na mimi nimekuwa nikiishi upande wa pili wa neno nikidhani niko ule wa kwanza.

## Mbili, kando kwa kando

Mwaka 1855 huko Paris, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa, mpiga picha Franz Hanfstaengl wa Munich alionyesha jambo lililoushangaza umati: potreti ile ile mara mbili, moja ikiwa na negativu (ile picha kinyume inayochapiwa nakala) iliyorekebishwa kwa mkono na nyingine bila. Kila anayeeleza historia ya kazi yetu hulitaja tukio hili kama mwanzo wa urembo wa picha. Mimi kinachonigusa ni kwamba alizitundika zote mbili. Mtazamaji wa kwanza kabisa alikuwa na haki ya kulinganisha.

Haki hiyo ilipotea upesi. Aliyekwangua negativu ya kioo kwa kisu au kuipaka penseli hakuacha nakala ya kabla.

Tazama ni lini watu wameweza kuuliza. Februari 1982 jalada la jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zitoshe kwenye ukurasa uliosimama, na kelele zilipigwa kwa sababu piramidi hazihami, yeyote anaweza kwenda kuzitazama. Juni 1994 jarida la Time liliweka jaladani picha ya polisi ya O.J. Simpson, mwanamichezo mweusi maarufu wa Marekani aliyeshtakiwa kwa mauaji, ikiwa imetiwa giza, uso umekuwa mweusi kuliko ulivyopigwa. Wiki hiyohiyo jarida la Newsweek lilichapa picha ileile bila giza hilo. Zikakaa kando kwa kando kwenye rafu, na nchi nzima ikaona. Kama Newsweek ingekuwa na jalada jingine wiki ile, wangapi wangejua?

Nao walitia giza, mimi nilitia mwanga. Nimelifikiria hilo sana. Mstari ni uleule wa mshazari. Wao waliuvuta chini.

Ndipo nikaanza kuuona utaratibu wangu kwa jicho jingine. Nilikuwa nikisifia leya kwa sababu zinaniruhusu kurudi nyuma, na kwa kweli huwa sirudi. Katika zile picha 31, leya niliyowahi kuifungua tena baada ya kukabidhi kazi ni mbili au tatu. Kurudi nyuma ni uhuru nilioubeba mfukoni bila kuutumia, na mbaya zaidi, ulinifanya nisiamue. Mtu anayejua kwamba kila kitu kinatenduliwa hana sababu ya kusimama na kujiuliza kama kifanyike. Nilipokuwa nikiharibu picha, angalau mkono ulikuwa ukitetemeka kidogo.

Kilichoniokoa si kutendua. Ni kwamba faili lilikubali kuhojiwa, na binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye hajui hata nusu ya njia za mkato ninazozijua, akalihoji kwa kitufe kimoja.

## "Kwa hiyo bado lipo?"

Ningeweza kuishia hapo nikiwa nimefurahi kiasi. Lakini wiki ya nne alikuja mteja mwingine, na alinivuruga kwa upande wa pili.

Dada huyu ana kovu linaloanzia nyusi na kushuka karibu na jicho. Aliomba liondolewe kwenye picha. Sikumuuliza limetokana na nini, na sijui hadi leo. Nilifanya kazi kwenye leya tupu juu ya picha ya asili, kwa brashi ya kuponya, taratibu, nikichukua ngozi ya jirani yake ili vinyweleo vifuate mwelekeo. Alipokuja kuchukua, nilikuwa nimejaa mambo yangu mapya ya uwazi na uwajibikaji. Nikataka kumwonyesha. Nikafunga kijicho cha leya, kovu likarudi. Nikafungua, likaondoka.

Hakutabasamu.

"Kwa hiyo bado lipo?"

"Lipo chini, dada. Hatufuti kitu. Ukitaka siku yoyote tunaweza kulirudisha."

Akakaa kimya. Kisha akasema polepole, "Kaka, mimi nilikuja liondoke."

Nimefundisha miaka mingi kwamba picha ya asili ni amana. Sikuwahi kufikiri amana ni ya nani. Nilichomwonyesha kama ulinzi, yeye alikiona kama kovu lake limefungiwa kwenye diski ya mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kulitoa kwa kubofya. Na alikuwa sahihi. Hivyo ndivyo ilivyo.

Tulifuta. Yeye akiwa amekaa pembeni yangu, niliunganisha leya zote kuwa moja, nikamhifadhia picha yake, kisha nikafuta faili lenye leya, faili ghafi la kamera, na nakala ya akiba kwenye diski ya pili. Nikamwaga pipa la taka la kompyuta. Mkono ulitetemeka kama zamani. Kila tabia niliyojijengea ilikuwa ikipiga kelele kwamba nafanya dhambi.

Sijutii. Ila sasa nina mambo mawili yasiyokaa pamoja vizuri. Nataka kila mguso wangu ubaki na uulizike, na nimekubali kwamba kuna mtu mwenye haki ya kutaka usibaki. Nimejaribu kutunga kanuni inayoyabeba yote mawili, nimeshindwa. Nilichonacho ni hiki: mkono ni wangu, kwa hiyo lazima nijibu. Uso ni wake, kwa hiyo yeye ndiye wa kuuliza, na yeye ndiye wa kusema maswali yameisha.

## Yaliyobadilika mezani

Machache, na mengine ni madogo mno kuyaandika, lakini kuna wanaofanya kazi hii watakaosoma.

Leya zangu sasa zina majina, na jina ni sababu. Zamani ningeandika "uso" au ningeacha namba iliyojiweka yenyewe. Sasa naandika "dirisha limeunguza shavu la kulia" au "kivuli cha kofia." Nikikosa sababu ya kuandika, naifuta leya kabla ya kuipaka. Ni ajabu ni ngapi hufa hapo.

Kazi ya kuponya ngozi inakaa chini kabisa, moja kwa moja juu ya picha ya asili, na leya za mwanga na rangi zinakaa juu yake. Hili si suala la mpangilio tu. Leya ya kuponya inabeba pikseli halisi zilizonakiliwa. Ukiiweka juu ya leya ya mwanga, inanakili pikseli zilizokwisha kuangazwa, na siku utakapopunguza mwanga ule, viraka vitabaki vinang'aa usoni kama sarafu. Nimekuta viraka hivyo kwenye mafaili yangu ya zamani, ushahidi kwamba nilikuwa nikihubiri kutoharibu huku nimejifungia mlango wa kurudi.

Nikiangaza, naiweka leya katika namna ya kuchanganya inayogusa mwanga peke yake na kuiacha rangi ilipo, kisha napima tena namba za shavu. Naanza na maski nyeusi tupu na brashi nyeupe iliyolegezwa hadi asilimia tano au kumi, ili weupe uje kwa kulimbikizwa na si kwa kumwagwa. Ukipaka kwa nguvu kamili, hujui ulipopita. Ukipaka kwa asilimia tano, kila kupita ni uamuzi.

Na kabla ya kufunga, nashika Alt na kupita maski zote, moja baada ya moja, bila picha. Sitafuti vitundu. Ninaangalia kama kuna umbo ninalolifahamu.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi: nalala kwanza. Jicho lililokaa saa mbili na uso mmoja limeshazoea kile lilichofanya, na linaomba kiongezwe. Asubuhi leya nyingi huonekana nzito, nami huzishusha hadi nusu ya uzito, mara nyingine chini ya hapo.

## Leya ya nne

Wiki hii nilirudi kwenye picha ya yule mama.

Nilifikiri nitaifuta tu leya ya nne, iwe imekwisha. Nilipoifunga nikaona kwamba kamera kweli ilikuwa imembana: dirisha lilikuwa kali, na macho yake yalikuwa yamezama kuliko ninavyoyakumbuka. Utetezi wangu ulikuwa na kipande cha ukweli ndani yake. Nikaijaza maski nyeusi, nikaanza upya. Safari hii niliufuata mwanga wa dirisha wenyewe, nikaacha mipaka ya uso. Ulipitia shavuni, ukavuka vidole bila kusimama, ukashuka kwenye kifundo cha mkono na upande mmoja wa shingo. Asilimia tano, mara tatu au nne. Nikaipa jina: "dirisha, upande wote wa kushoto."

Vidole vikaungana na shavu. Sikuwa nimejua kwamba viliachana hadi nilipoviona vimerudi. Pete ndogo kwenye kidole cha tatu, ambayo sikuwahi kuitazama, ikawa na mng'ao.

Nilimtumia yule mama picha zote mbili, ya zamani na hii, bila kumwambia ipi ni ipi, nikamwomba anichagulie. Bado hajajibu.

Jana nilimfungulia binti faili. Akashika Alt, akabofya leya ya nne. Maski ikajaa skrini, kijivu chepesi kinachotambaa mshazari kutoka shavuni hadi kwenye kifundo, hakina umbo la uso wala la kitu chochote. Akaitazama kwa muda. Akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akashuka, akabofya maski ya leya ya saba, na akasogea karibu na skrini.

"Na hapa chini ya macho, Mwalimu?"

Nikavuta kiti.